Namna ya kulisha ukoka wa nyumbani kwa mashudu, machicha na pumba hapa Dar

Kama una kagadeni ka ukoka au zile nyasi za Pemba zenye jani pana, iwe Kigamboni, Mbezi, Tabata au Goba, huu mzunguko utakuwa unaujua. Majani yanaanza kuwa njano, unamwita kijana wa bustani, anasema hapa panataka udongo mweusi, inakuja kirikuu imejaa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo ambao hujui umechotwa wapi, inamwagwa, inasambazwa, baada ya wiki kadhaa uwanja umependeza kweli alafu ndani ya ile kijani unaanza kuona ndago na magugu mengine ambayo hata majina yake huyajui. Ng'ombe alikula mbegu malishoni, zikapita tumboni zikiwa nzima, wewe ukazinunua na kuzimwagilia. Ndago ndio mbaya kuliko zote maana ukivuta jani kile kiazi chake kinabaki chini na kinachipua tena.

Njia nyingine watu wanayoijua ni urea. Urea siisemi vibaya, ina naitrojeni asilimia 46 na inafanya kazi haraka, ila maeneo mengi ya Dar udongo ni kichanga, mvua moja kubwa ya masika inaishusha chini ambako mizizi haifiki, na ukizidisha mkono kidogo au ukaimwaga ukaacha kumwagilia, majani yanaungua mabaka mabaka.

Mimi naamini sana njia ya tatu, nayo ni mabaki ya kusindika mazao. Mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba, machicha ya bia, pumba za mpunga, makumbi ya nazi. Hivi vitu vinaingia au vinazalishwa mjini hapa kila siku na wafugaji wanavijua vizuri kuliko watu wa bustani. Mashudu hasa nayapenda kwasababu ile mbegu imeshapondwa na kukamuliwa, hakuna cha kuota pale, na naitrojeni yake imefungwa ndani ya protini kwahiyo haitoki yote kwa mpigo, vijidudu vya kwenye udongo ndio vinaifungua taratibu. Kwa joto letu hili la nyuzi 25 mpaka 32 kazi hiyo inaanza ndani ya wiki moja au mbili na inaendelea mwezi na nusu mpaka miwili, ambayo ndio kasi ukoka unaitaka.

Ila sio kila mabaki ni mbolea, na hapa ndipo wengi wanapoharibu uwanja.

Kuna yanayolisha na kuna yanayokula

Yagawe kichwani mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yenye protini nyingi: mashudu ya aina zote na machicha ya bia. Haya yakioza yanatoa naitrojeni, yanalisha majani. Fungu la pili ni yale makavu, magumu, yenye kaboni tupu: pumba za mpunga (yale maganda yenyewe), makumbi ya nazi, makapi ya miwa, maranda ya mbao. Haya ukiyachimbia mabichi kwenye udongo wa nyasi, vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni, na kwa kuwa kwenye pumba hakuna, vinaichukua kwenye udongo, vinaikosesha mizizi. Unakuta mtu amechanganya viroba kumi vya pumba za mpunga na udongo akapanda ukoka juu, miezi mitatu majani ni njano na hayatambai, anadhani kauziwa mbegu mbovu. Tatizo sio mbegu.

Fungu la pili lina kazi yake kubwa tu, linaujenga udongo wa kichanga ushike maji, ila lazima lipite kwenye mboji kwanza au lichomwe kuwa mkaa. Nitafika huko.

Sasa utajuaje kitu kina naitrojeni kiasi gani bila kwenda maabara? Uliza protini. Chukua asilimia ya protini, gawanya kwa 6.25, unapata asilimia ya naitrojeni. Protini ina naitrojeni kama asilimia 16, ndio maana hesabu inakubali. Wauza chakula cha mifugo protini ndio lugha yao, muulize mashudu yako yana protini ngapi atakwambia, na kiroba cha kiwandani mara nyingi kina lebo. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa na maganda yake, kama mengi yanayoshuka kutoka Singida na Dodoma, yanacheza kwenye protini 25, gawanya kwa 6.25 ni naitrojeni asilimia 4. Mashudu ya pamba ya kanda ya ziwa yaliyotolewa maganda vizuri yanaweza kufika 37 au 38, hiyo ni 6. Pumba za mahindi za mashine za sembe ni protini 10 hivi, yaani naitrojeni 1.6 tu, na zinagombaniwa na wafugaji, kwahiyo kwa bustani sioni maana yake, tena zikilowa zinaganda zinaota ukungu. Pumba za mpunga hazifiki hata nusu asilimia. Machicha ya bia yakiwa makavu ni mazuri, protini 20 mpaka 28, lakini yanatoka kiwandani yakiwa na maji kama asilimia 75 mpaka 80, kwahiyo kiroba kibichi unabeba maji zaidi kuliko chakula, naitrojeni yake haifiki asilimia 1 kwa uzito wa pale pale.

Na hii hesabu ikusaidie kwenye bei pia. Usilinganishe bei ya kiroba kwa kiroba, linganisha bei ya kilo ya naitrojeni. Kiroba cha kilo 50 chenye naitrojeni asilimia 4 kina kilo 2 ndani yake, basi gawanya bei yake kwa 2. Kingine chenye 6 kina kilo 3, gawanya kwa 3. Mara nyingi kile kinachoonekana ghali ndio nafuu.

Kipimo cha uwanja

Kipimo kinachotumika sana kwenye nyasi za viwanja ni nusu kilo ya naitrojeni kwa mita za mraba 100 kwa mara moja. Hapo ndio kila kitu kinaanzia. Mashudu ya naitrojeni 4, kupata nusu kilo unahitaji kilo 12 na nusu. Mashudu ya 5 ni kilo 10. Ya 6 ni kilo 8 na robo hivi. Pima uwanja wako kwa hatua au kwa futi kamba, usikadirie kwa macho, watu wengi wana uwanja mdogo kuliko wanavyodhani. Uwanja wa mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60, kwahiyo mashudu ya alizeti ya naitrojeni 4 ni kilo 7 na nusu. Kiroba kimoja cha kilo 50 hapo kinakutosha mara sita na kidogo.

Ukoka unaopigwa jua kutwa nzima unaweza kuulisha mara 3 au 4 kwa mwaka. Nyasi za Pemba, nyasi za zoisia, au sehemu yoyote yenye kivuli cha mwembe au ukuta, mara 2 zinatosha, ukizidisha kwenye kivuli unapata majani marefu malaini yanayolala na kuoza. Na kama umeotesha karibuni subiri mpaka zishike, wiki tatu nne, vuta jani kidogo ukiona limegoma ndio uanze kulisha.

Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka na karanga, na tangu hapo wafugaji na wauza chakula wengi wamekuwa makini na mzigo ulioota ukungu. Mimi nasema hapo ndipo pa kuangalia mtu wa bustani. Mashudu mazuri ni chakula cha ng'ombe na kuku, kuyamwaga chini wakati mfugaji anayahitaji ni hasara kwa wote, lakini mashudu yaliyolowa njiani, yaliyoota ukungu, yale ya chini ya stoo yaliyochanganyika na vumbi, hayafai kulishwa mnyama na kwenye udongo bado yana naitrojeni yake karibu yote. Muulize muuzaji, "bosi, huna yale yaliyoharibika?" utashangaa anavyofurahi. Masharti ni mawili na usiyapuuze: vaa barakoa ya maana unapoyaponda na kuyamwaga kwasababu vumbi la ukungu halifai kuvutwa, na kuku, mbuzi au ng'ombe wasiingie kwenye huo uwanja mpaka yote yameshazama na kuoza. Kama una kuku wanaozurura uani na huna pa kuwafungia basi nunua mashudu masafi au tumia mboji tu.

Namna ya kuyaandaa na kuyamwaga

Mashudu ya alizeti yanakuja vipande vigumu bapa, ukivimwaga hivyo hivyo kipande kinakaa juu ya majani mwezi mzima kinaota nywele nyeupe na chini yake ukoka unakufa. Yaponde. Mashine ya kusaga chakula cha kuku inafanya ndani ya dakika chache, kama ni kidogo kinu na mchi vinatosha, alafu pitisha kwenye chekeche la mchanga, kinachobaki juu kirudi kinuni. Yawe kama chenga za mahindi au madogo zaidi.

Kata majani kwanza, ukoka ubaki sentimita 3 hivi, Pemba 5, na zoa yale yaliyokatwa kama ni mengi ili mashudu yafike chini. Kama udongo umekanyagwa ukawa mgumu (hasa pale gari linapogeuzia au watoto wanapochezea mpira) toboa toboa na forki, iingie sentimita 7 au 8, uitingishe kidogo, uende hatua moja mbele, utoboe tena. Kazi hii inachosha lakini ina faida kubwa kuliko hata mbolea yenyewe kwenye udongo uliobana.

Pima mashudu kwa mizani. Yagawe sawa kwa sawa mafungu mawili, fungu la kwanza limwage ukitembea kutoka geti kwenda ukutani, la pili ukitembea kukatiza, kushoto kwenda kulia. Hii ndio inaondoa mistari ya kijani iliyokolea na mistari iliyofifia. Kama mkono wako haujazoea, tandika kamba ugawe uwanja vipande vinne na kila kipande kipe ndoo yake. Kisha chukua fagio la chelewa ufagie juu juu, kwa wepesi, ile chelewa inapita katikati ya majani na kuyaangusha mashudu chini kwenye udongo, reki ya chuma inang'oa. Alafu mwagilia, na mwagilia kwelikweli mpaka udongo ulowe kina cha kidole, sio kunyunyiza. Fanya jioni. Siku mbili tatu harufu kidogo itakuwepo, kama ya unga uliochacha, mwambie jirani mapema.

Siku ya tatu au nne unaweza kuona utando mweupe wa ukungu kwenye chenga zilizobaki juu. Usiogope wala usipige dawa, hao ndio wafanyakazi wenyewe, pitisha fagio asubuhi utando ukatike na uendelee kumwagilia. Sisimizi watakuja, watabeba kidogo, wataondoka. Kuku wa jirani ndio tatizo maana watachakura uwanja wote, na mbwa wengine wanapenda mashudu wanayala, kwahiyo wafungie mpaka umemwagilia mara mbili tatu.

Muda wa mwaka una uzito. Kwa Dar mimi naona nyakati nzuri ni mvua za kwanza za masika zinapoanza mwezi wa tatu zikiwa bado za kawaida, alafu mwishoni mwa mwezi wa tano au wa sita mwanzoni masika inapokatika na udongo una unyevu, alafu vuli mwezi wa kumi au kumi na moja. Katikati ya masika, ile Aprili ya mafuriko, acha. Mvua inabeba mashudu yote mpaka mtaroni na mtaro unaenda Msimbazi au baharini, umetupa hela na umechafua maji. Januari na Februari jua likiwa kali na maji ya DAWASA yakija kwa mgao pia acha, bila unyevu vijidudu havifanyi kazi, chakula kitakaa tu juu kinangoja panya.

Kama uwanja ni mdogo sana, kama ule wa mbele ya dirisha, unaweza kufanya ya maji. Kilo moja ya mashudu yaliyopondwa kwenye ndoo ya lita 20, jaza maji, funika, koroga kila siku, siku ya nne au ya tano chuja kwa kitambaa, kila lita moja ichanganye na maji lita tano umwagilie. Inanuka sana, nakwambia mapema. Lakini inaingia haraka. Yale mashapo yanayobaki peleka kwenye mboji.

Machicha ya bia na mboji yake

Viwanda vya bia vya Ilala na Chang'ombe vinatoa machicha mengi na wafuga nguruwe na ng'ombe wa maziwa ndio wateja wakubwa, kwahiyo njia rahisi ni kumpata mfugaji anayechukua mzigo mkubwa akukatie viroba viwili vitatu. Ukishayaleta nyumbani huna muda. Kwa joto la Dar siku ya pili yameanza kuchacha, siku ya tatu nzi wamejaa na mtaa mzima unajua. Usiyamwage mabichi kwenye nyasi, yanaganda yanakuwa tabaka, hewa haipiti. Ama uyaanike kwenye turubai juani tabaka jembamba la vidole viwili, uyageuze geuze mpaka yakauke kabisa kisha uyatumie kama mashudu kwa hesabu ile ile ya protini, ama siku hiyo hiyo uyaingize kwenye mboji, ambayo mimi ndio naipendelea kwasababu inakupa nafasi ya kutumia na zile pumba.

Kwenye mboji uwiano unaofaa ni ndoo moja ya machicha mabichi kwa ndoo mbili mpaka tatu za pumba za mpunga, kwa ujazo. Uzuri wa mchanganyiko huu ni kwamba machicha yana maji ya kutosha kulowesha pumba, mara nyingi hata hutaongeza maji, na pumba zinaacha nafasi za hewa ili machicha yasigande. Changanya vizuri kwa koleo juu ya turubai, usipange matabaka, kisha lundika lundo moja lisilopungua mita moja kwa kila upande, likiwa dogo zaidi halishiki joto. Ukifinya konzi ya mchanganyiko uwe na unyevu kama sponji iliyokamuliwa, tone moja mbili tu. Ongeza makoleo machache ya mboji ya zamani au udongo wa chini ya mti kama mbegu ya vijidudu, funika na turubai au makuti mvua isiloweshe.

Ndani ya siku tatu nne lundo linapaswa kuwa la moto, nyuzi 55 mpaka 65, ukiingiza nondo katikati ukaiacha dakika kumi huwezi kuishika kwa raha. Joto hilo ndilo linaua mbegu za magugu na zile punje za mpunga zilizopita kwenye mashine bila kukobolewa, kwahiyo kila wiki geuza, ya nje yaingie ndani ili kila kitu kipate zamu yake. Pua yako ndio kipimo. Likitoa harufu kali ya kuchoma macho ile ya banda la kuku, machicha ni mengi, ongeza pumba. Likinuka kama yai viza, limelowa na halina hewa, ligeuze na uongeze kikavu. Likiwa baridi na kavu, ongeza maji na machicha kidogo. Baada ya miezi miwili mpaka mitatu machicha huyaoni tena, harufu ni ya udongo wa mvua, ila pumba zenyewe utaziona bado na maumbo yake, rangi imekuwa kahawia iliyoiva. Hiyo ni kawaida, ganda la mpunga limejaa silika, haliozi haraka, na kwenye udongo wa kichanga linaendelea kusaidia miaka.

Kama machicha ya bia huyapati, tafuta wafuga kuku wa broila, Kitunda, Kivule, Chanika huko wamejaa, ile takataka ya bandani ni pumba au maranda ambayo tayari yana kinyesi. Nayo lazima ipite kwenye lundo kwanza, mbichi ina amonia na chumvi, inaunguza.

Machicha ya nazi yanayobaki jikoni nayo yaingie kwenye lundo hilo, kidogo kidogo, yazikwe katikati kabisa kwasababu yana mafuta na panya wanayafuata kwa harufu. Naitrojeni yake ni ndogo. Makumbi yakatwe vipande, yaloweke ndoo ya maji siku moja umwage yale maji kahawia mara mbili ndio uyaingize, makumbi mengine ya pwani yana chumvi.

Mboji ikiwa tayari chekecha, na umwage tabaka jembamba la nusu sentimita juu ya nyasi zilizokatwa. Kwa mita za mraba 100 hiyo ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Uwanja wetu ule wa mita 60 ni ndoo 15. Fagia na chelewa mpaka ncha za majani zionekane zote, ukizifunika unazikosesha mwanga. Mara moja kwa mwaka inatosha, na mashudu yanaendelea na ratiba yake.

Mkaa wa pumba

Hii ni kwa wale wa mchanga mtupu, Kigamboni, Mbweni, Bunju, mahali unamwagilia asubuhi saa saba mchana pamekauka. Chukua debe au kopo kubwa la rangi, toboa matundu pande zote kwa msumari, ligeuze chini juu, weka bomba la bati juu yake kama bomba la moshi, washa moto wa vijiti ndani, lundika pumba za mpunga kuzunguka debe mpaka karibu lifunikwe. Joto linatoka kwenye matundu na pumba zinaanza kuwa nyeusi kutoka ndani kuja nje. Ukiona nje kumeanza kuwa na madoa meusi, zigeuzie ndani zile za kahawia. Zikiwa nyeusi zote zimwagie maji mengi hapo hapo, uzitandaze na umwagie tena. Ukichelewa zinakuwa majivu meupe na umepoteza kazi yote, unataka nyeusi. Moshi ni mwingi kwahiyo fanya asubuhi mapema mahali pa wazi, sio kwenye nyumba zilizobanana.

Mkaa huu wenyewe hauna naitrojeni, kazi yake ni kushika maji na kuzuia virutubisho visishuke. Changanya sehemu moja ya mkaa kwa sehemu tatu au nne za mboji ndio umwage juu ya nyasi, au ukiwa unaanza uwanja mpya changanya kwenye sentimita 10 za juu za udongo kabla ya kupanda.

Vya kuviepuka

Maganda ya korosho usiyaguse. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, hayana nafasi kwenye uwanja wanaochezea watoto. Mashudu ya nyonyo, yale ya mbarika, kwa naitrojeni ni mazuri na nje yanauzwa kama mbolea, lakini yana sumu inayoitwa risini na mbwa wanavutiwa nayo, wanakula wanakufa. Ukiambiwa "mashudu" bila jina la mbegu uliza ni ya nini. Vumbi la dagaa lina protini nyingi ila lina chumvi na paka wa mtaa mzima watahamia kwako. Damu ya machinjioni ikikaushwa ina naitrojeni 12 na zaidi, lakini hiyo sio kazi ya kufanya nyumbani. Molasi watu wanaisifia sana, mimi naona kwa nyasi hela yako iende kwenye mashudu.

Kuna gluteni ya mahindi pia, ambayo ni mabaki ya viwanda vya wanga. Profesa Nick Christians wa Chuo Kikuu cha Iowa State kule Marekani aligundua miaka ya 1980 akiwa anafanya majaribio ya nyasi kwamba inazuia mbegu zinazoota zisishike mizizi, na mwaka 1991 ilipata hataza kama dawa ya asili ya magugu. Ina protini 60, gawanya uone mwenyewe, naitrojeni inakaribia 10. Nimeitaja kwasababu kuna watu wanaisikia wanaenda kumwaga pumba za mahindi wakitegemea kazi hiyo. Pumba sio gluteni. Na hata gluteni inazuia mbegu tu, ndago inayotoka kwenye kiazi haiishtuki.

Alafu kuna njano ambayo mashudu hayaitibu. Maeneo ya mawe ya matumbawe, Masaki, Oysterbay, Kunduchi, udongo una chokaa nyingi na chuma kinajifunga humo, unakuta jani changa ni njano lakini mishipa yake ni kijani. Hapo ukiongeza naitrojeni unaongeza urefu tu, njano iko pale pale. Kinachotakiwa ni salfeti ya chuma kwa kupuliza majani, na usiweke majivu kabisa maana yanazidisha. Njano ya njaa ya naitrojeni inaanzia kwenye majani ya zamani ya chini na inaenea jani zima. Na ile ya chumvi, kwa wenye visima vya karibu na bahari, ncha za majani zinakauka kahawia kwanza, dawa yake ni kumwagilia maji mengi ya mvua au ya bomba yaishushe chumvi chini kabla hujalisha chochote, na kama unapanda upya chagua nyasi za paspalamu zinazovumilia chumvi. Ukitaka uhakika chukua udongo sehemu kumi za uwanja, kina cha sentimita 10, changanya, peleka sampuli maabara ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro au TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga.

Mashudu yanayobaki yahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko unaobana, juu ya chaga sio kwenye sakafu, na mbali na chumba cha kulala kwasababu panya wakishajua njia hawaisahau. Yakikaa makavu hivyo mzigo mmoja unakupeleka mpaka masika ijayo.